Majina ya Mashubaka

Atlanta, 3 Aprili 1961

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua chako je, vumbi la handaki bado linakukereketa?

Nimesoma kwamba mwezi ujao mji wetu utazindua bamba la shaba kwenye mlango wa handaki, kumtukuza mhandisi aliyeupasua mlima. Mhandisi! Alishika nyundo lini? Walioupasua ni wafungwa weusi waliokodishwa kwa reli kama nyumbu, na kumi na mmoja wao wamezikwa humo ukutani hadi leo. Ninyi wakagua reli mnayajua majina yao, maana ndiyo mliyoyapa mashubaka mnamojibanza treni ikipita. Nitumie, Baba. Tutayachapa na kuyasoma mbele ya meya.

Mwanao,
Verlene

17 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila goti langu lina kelele kuliko mama yako, naye anauliza kama unakula.

Majina hayo si mapambo. Vumbi likitanda, mtu akipiga ukelele, “Niko kwa Ambrose!” tunajua pa kumvuta. Nyapara Stroud hutumia namba tu. Orodha imo humu, kuanzia mlango wa mashariki. Shubaka la kumi na mbili halina jina. Hajafa mtu hapo.

Lakini uyachanganye kabla ya kuyachapa. Anayeanza ukaguzi mashariki ni mimi peke yangu. Wenzangu wote huanzia magharibi. Stroud si mjinga.

Baba yako

9 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole kwa goti. Karatasi elfu mbili zimekwisha kusambazwa mjini! Sikuyachanganya. Wanaume wale walianguka kwa mpangilio huo, na kuuvuruga ni kuwazika mara ya pili. Mpaka lini ukweli wetu utaomba ruhusa kwa nyapara?

Mwanao

26 Mei

Baba,

Shikamoo. Mna afya? Gazeti linasema uzinduzi umeahirishwa, halisemi kwa nini. Barua yangu hujaijibu. Niandikie hata mstari mmoja. Je, nilikosea?

Verlene wako

11 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, uvumilie.

Stroud alinifuata handakini mchana na wenzake watatu, karatasi yako mkononi. “Haya, kijana, tusomee.” Nina miaka hamsini na minane. Nikasoma. Kila jina, pigo moja la mpini wa sururu. Kwa Isaac yalitoka meno. Kwa Ambrose zilivunjika mbavu. Nilipomaliza la kumi na moja, treni ya makaa ikapiga honi. Wakakimbilia mashubakani, wakaniacha relini. Stroud akacheka, “Tafuta namba yako!”

Nikatambaa hadi la kumi na mbili. Mimi niliwahi kuingia. Mkono wa kulia haukuwahi.

Umeuliza kama ulikosea. Ulikosea. Nilikwambia uchanganye, ukaniona mwoga.

Sasa sikiliza. Bamba litazinduliwa tarehe nne Julai. Njoo na orodha, uisome kuanzia mashariki; hakuna cha kuficha tena. Nitasimama mbele kabisa, nimevaa shati la mikono mirefu, Stroud auone ule mmoja ukipepea.

Wenzangu wameanza kuitana kutoka shubaka la kumi na mbili, “Niko kwa Lemuel!” Wao nimewasamehe. Lakini wewe usithubutu kuniongeza kwenye orodha hiyo. Mimi sijafa.

Baba yako