Mbegu za Barasa

Jumatatu, 5 Septemba 1977

Dereva Barasa amefika Kakuma na dawa za mwezi kutoka Lodwar. Bandeji hamna, aspirini nusu ya tulizoomba — lakini mdomo wake umejaa maneno! Aliendesha lori kwenye ujenzi wa reli ya Wachina kule Tanzania, basi sasa ni daktari wa Kichina. Ana kopo la mbegu ndogo, bapa, nyekundu kama kunguni aliyeshiba. Eti madaktari wa Kichina walizikaanga, wakaziponda na kuwachemshia vibarua waliokosa usingizi. Hutuliza moyo, anasema. Miaka mitatu ya uuguzi, halafu nifundishwe na dereva! Nikamwuliza kama zinatibu uongo pia.

Akacheka, akaniachia konzi moja mezani. "Macho yako yanasema, Sista Ajwang."

Upuuzi.

Jumatano, 7 Septemba

Nakiru wa boma la nyuma ya zahanati amekuja tena. "Ejok, Sista. Mimi hapana lala. Tangu ngoroko, wezi ya mbuzi, naua bwana yangu, hapana lala." Nikampa aspirini mbili, nikamwambia apunguze chai. Foleni ya watu thelathini, mtu ananiletea huzuni!

Ijumaa, 9 Septemba

Leo nilijaza sindano ya klorokwini ya mtoto wa miezi minane — kipimo cha mtu mzima! Etabo ndiye aliyeniuliza kama hiyo si ya mtu mkubwa. Etabo, mfagizi! Nikamfokea. Kisha nikaimwaga.

Wiki ya tisa silali. Tangu tumzike mume wangu Odero. Mtoto yu salama, lakini siku moja nitaua mtu.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimekaanga, nimeponda, nimechemsha. Ili nimwonyeshe Barasa kuwa ni takataka. Ladha ovyo.

Jumapili, 11 Septemba

Nimelala. Saa saba mfululizo! Kanisa limenipita. Bahati tu.

Jumanne, 13 Septemba

Bahati tatu mfululizo, na mbegu zimekwisha. Barasa harudi mpaka mwezi ujao. Alisema mti wa Wachina ni ndugu wa mkunazi wetu, huu wanaouita ekalale. Ndugu tu, si wenyewe. Dawa ni kiini kilicho ndani ya kokwa.

Nikamwuliza Etabo, kama mtu asiyejali, kokwa zinapatikana wapi. Zizini, akasema. Mbuzi hula kunazi mchana, wakicheua hutema kokwa. Muuguzi mwenye cheti ukutani, akaokote matapishi ya mbuzi! Ng'o.

Jumatano, 14 Septemba

Naandika nikiwa zizini kwa Nakiru. Mbuzi wamekwenda malishoni. Nimepasua kokwa arobaini kwa jiwe, nusu ya viini vimesagika pamoja na vidole vyangu. Kiganja hakijajaa. Pengine hata havifai.

Nakiru amenikuta nimepiga magoti kwenye mavi ya mbuzi. Sikuwa na uongo wa haraka. Wala hakuuliza — amenishika mikono yote miwili akishukuru. Anadhani namtafutia yeye dawa. Anasema alijua tu kwamba siku ile Sista alimsikia.

Sikumsikia. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nimevipima tena. Vinatosha kikombe kimoja, si zaidi. Na kesho ni siku ya sindano za watoto.

Amekwisha washa moto na kuteka maji. Ameketi mbele yangu, kikombe mapajani, ananingoja nimalize kuponda.