Kitambaa cha Kochi Letu kwenye TV ya Kambu

Ndugu yangu Mutua,

Baridi ya Mbooni imepungua? Huku Kambu jua ni kali hadi mbuzi wamelala chini ya malori. Niliingia hoteli kula muthokoi, nikakuta watu wamekodolea TV macho: mashindano ya gemu, moja kwa moja. Ni ile gemu ya magari, toleo jipya la pili, uliyosema ni takataka ukawaapisha vijana wa kanisa wasiiguse. Aliyekuwa anaongoza alikuwa amefunika uso kwa kofia. Lakini kochi lake lilikuwa na kitambaa cha kijani chenye ua moja lililopinda. Mutua, hilo ua nililipinda mimi nikijifunza kufuma.

“Huyu ni nani?” nikamuuliza mhudumu.

“Hatumjui, lakini hashindwi. Anasema hii ya pili ni tamu kuliko ya kwanza.”

Sasa nashuku. Ulikuwa unawaokoa vijana, ama ulitaka kufanya mazoezi peke yako?

Mungu awatunze, na umpikie Mama uji. Kadi hii haina bahasha. Nimempa Kyalo, mwenyekiti wa vijana wa kanisa lenu, anayerudi huko leo, akuletee. Unajua vile anapenda kusoma.

Dada yako,
Mwende