Sherehe za Machipuko kwa Mama

Ikonge,
Kaunti ya Nyamira.

Jumapili, 26 Aprili 2026.

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, goti lako la kushoto limeacha kukusumbua, na mjukuu wako amekwisha kuota lile jino lililokuwa likiwanyima amani nyote. Mimi ni mzima. Ng'ombe ni mzima. Chai inachipua kwa fujo kwa sababu mvua haijakosa alasiri hata moja tangu Pasaka, na majani yanafika kituoni kwa wakati.

Utashangaa kwa nini nakuandikia ilhali tulizungumza kwa simu juzi tu. Ni kwa sababu kwenye simu huwa tuko wengi. Dada Linda husikiliza, shemeji Machogu hupita nyuma akinisalimia, mtoto hulia, nami hubaki nikizungumzia mvua. Masese wa Kebirigo anasafiri kuja huko Minneapolis Jumatano, naye amekubali kuibeba bahasha hii pamoja na unga wa wimbi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndivyo ulivyotulea: Ekegusii cha kuzungumza, Kiswahili cha kuandika. Najua kwamba mwalimu wa miaka thelathini na mmoja hastaafu, kwa hiyo chukua kalamu nyekundu ukipenda. Nitayakubali masahihisho yatakayostahili.

Nianze na kosa langu, nisije nikalizunguka. Ijumaa ile ya tarehe kumi na saba, ulipopata nafasi ya kwenda kwenye tamasha la ngoma za mataifa, ulinipigia simu kuniuliza uondoke saa ngapi ili Sabato isikukute njiani. Nilikujibu bila kusita: ondoka saa kumi na moja u nusu, saa kumi na mbili uwe nyumbani, maana nusu saa baadaye jua linatua. Nilijibu kama mtu aliyezaliwa Ikonge, ambako jua hufuata ratiba ileile Januari hadi Desemba. Huko mliko, mwezi wa Aprili, jua hutua karibu saa mbili. Mimi, mwenye shahada ya ualimu wa Jiografia, niliyesimama mbele ya kidato cha pili na chungwa na tochi nikieleza jinsi dunia ilivyoinama, sikuukumbuka mwinamo huo mama yangu mzazi alipouhitaji.

Machogu amenisimulia yote. Alipokuja kukuchukua alikusihi, akitazama mbele tu kama mkwe anavyopaswa: "Mama, jua bado liko juu ya miti. Na hawa wanaokuja mwisho ndio wenyewe." Nawe ukafunga mkanda ukamjibu: "Okemwa amesoma jiografia. Wewe umesoma kompyuta. Twende." Saa kumi na mbili kamili akapanda jukwaani mzee wa kwetu na obokano yake, zeze letu lile la nyuzi nane, na Wakisii waliojaa ukumbi wakainuka wote kucheza. Wewe ulikuwa umeketi dirishani na kitabu cha nyimbo, ukilingoja jua litue.

Samahani, Mama. Neno hilo huliandika mara chache, na unajua. Lakini nitakwambia na jambo baya zaidi. Tangu jioni hiyo umekuwa ukisema kwamba mji huo hauna watu, na kwamba tarehe ishirini na saba Mei, ruhusa yako ya miezi sita inapokaribia kwisha, utapanda ndege urudi nyumbani. Kosa lilikuwa kosa la kweli, sikukudanganya. Ila nilipoyasikia matokeo yake nilifurahi, nikakaa siku nne bila kulisahihisha.

Linda ndiye aliyenizindua. Alinipigia Jumanne, akiwa kazini, bila wewe kujua.

"Okemwa, usijifanye huelewi," alisema. "Fomu ya kuongeza miezi sita iko mezani, na Mama hataki kutia sahihi. Anakusikiliza wewe tu. Mwandikie kuhusu sherehe za huku, aone kwamba watu wapo. Si wewe unayesoma kila kitu?"

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe una nini? Una shamba, una ng'ombe, una hewa safi. Mimi nina zamu mbili na mtoto."

Basi nimesoma. Nimesoma kurasa za magazeti ya huko, ramani za mabasi, hata maoni ya watu wanaolalamikia vyoo vya bustanini. Matokeo ni haya.

Jumapili ijayo, tarehe tatu Mei, watu wa huko watakusanyika bustanini na kuandamana barabarani wakibeba masanamu ya karatasi na nguo, marefu kuliko mnazi wa picha ya darasani kwako, kuyakaribisha majira ya machipuko. Hakuna kiingilio wala mwaliko. Usiwacheke. Watu waliofungiwa na theluji miezi mitano wana haki ya kupiga kelele wanapoona jani. Vaa sweta mbili, maana machipuko yao ni baridi kuliko Julai yetu. Na kwa kuwa ni Jumapili, Sabato imekwisha kufungwa na hakuna atakayeniuliza habari za machweo.

Jana baada ya ibada nilimweleza Mzee Nyakundi, yule mzee wa kanisa, kuhusu gwaride hilo. Alikunja uso. "Hiyo ni kuabudu sanamu, Okemwa."

Nikamwambia, "Mzee, sanamu lisiloabudiwa ni karatasi tu."

"Na karatasi yenye macho?"

"Hata picha ya mchungaji iliyo ukutani ina macho."

Watu walicheka, naye akacheka, ila hakukubali kushindwa. "Mama yako akirudi tutamuuliza kama alipiga magoti," akasema, akaenda zake. Nilitembea hadi nyumbani nikiyarudia majibu yangu, nikiyaona mazuri. Nilipofika langoni nikatambua kwamba sina wa kumsimulia. Nilikuwa nimezoea kukukuta jikoni, nikuambie nilivyomshinda mtu, nawe uniambie kwamba sikumshinda.

Sherehe ya pili ni ya maua. Katikati ya Mei miti fulani ya bustanini huchanua yote kwa pamoja, waridi na nyeupe, kwa juma moja au chini ya hapo, na watu huenda kutembea chini yake, kula na kupigana picha. Nenda siku ya kazi, asubuhi, na kigari cha mtoto. Ni kweli kwamba kwetu maua hayakosekani mwaka mzima na hakuna anayeyafanyia sherehe. Nimewaza juu ya hilo nikaona huenda sisi ndio tuliokosea.

Kalenda ya sherehe hizi, iliyo ndani ya bahasha hii, niliipeleka Kisii mjini kuchapishwa kwa Ubah, yule binti mwenye duka la kompyuta nyuma ya soko. Aliisoma yote kabla ya kuichapisha.

"Kaka Okemwa, hizi sherehe zote ni za Amerika."

"Ni za mama yangu."

"Sawa. Na wewe Jumapili huwa unaenda wapi?"

"Nina shughuli nyingi."

"Shughuli gani? Jumapili iliyopita ulikaa hapo kwenye kiti saa tatu nzima ukisoma magazeti, hukuchapisha hata karatasi moja."

Ningeweza kubishana naye. Nilichukua karatasi zangu nikaondoka.

Kuhusu nyumba yako, usiwe na wasiwasi. Naifungua kila Jumapili ipate hewa, nafika sebuleni, nafuta vumbi kwenye meza na picha ya baba, kisha nafunga. Chumbani mwako, kama ujuavyo mila yetu, mwana aliyepita jandoni haingii, na mimi, pamoja na vitabu vyote nilivyosoma dhidi ya mila, nimejikuta siwezi kuivunja hiyo. Wiki mbili zilizopita nilisikia maji yakidondoka mle ndani. Nilisimama mlangoni nikiyasikiliza, tone baada ya tone, nikijua kwamba yanaangukia kitanda chako, nisiweze kusukuma mlango ambao haukufungwa kwa ufunguo. Nikampigia mama mdogo Nyanchera. Alikuja kutoka Kebirigo katika mvua hiyohiyo, akaingia na beseni, akatoka akicheka: "Shahada nzima, na bado tone limekushinda!" Nilipanda juu nikaliziba bati siku hiyohiyo. Blanketi limekauka. Mama mdogo alikaa hadi chai ya saa kumi, akaondoka, na nyumba ikawa kimya kuliko kabla hajaja.

Sasa sherehe ya tatu. Hii sikuiandika kwenye kalenda ya kwanza, ile aliyoisoma Ubah. Niliiacha kwa makusudi, na ndiyo sababu ukurasa wa mwisho wa kalenda hiyo nimeuandika kwa mkono. Kuanzia Ijumaa tarehe kumi na tano hadi Jumapili tarehe kumi na saba Mei, mafundi na wasanii wa upande mmoja wa mji watafungua karakana zao, na yeyote ataweza kuingia kutazama wakifanya kazi: wafinyanzi, wachoraji, wafuma nguo, na wasusi wa vikapu. Nimeona picha ya mwanamke wa rika lako akisuka kwa mabua kitu ambacho, ukikitazama haraka, ungedhani ni ekee, kikapu chetu cha kuwekea ugali. Anakaza ukingo kwa dole gumba kama wewe. Nilijua kwamba ukimwona huyo utavuta kiti ukae karibu naye, utaomba mabua, na kabla ya jioni mtakuwa mmekosoana. Nilijua pia kwamba ukishapata mtu wa kukosoana naye, mji utakuwa umepata watu. Ndiyo maana nilimficha. Nenda Jumapili. Mwambie Machogu akupeleke asubuhi na akuache ukae upendavyo.

Basi hoja za Linda nimezimaliza, na nimezipanga vizuri kuliko alivyotarajia. Ukizipima kwa haki utaona zinashinda. Linda anachoka, nimeusikia uchovu katika sauti yake hata anaponitania. Mtoto amepewa jina la baba yetu, Bosire, na unapomwita "mume wangu" kwenye simu nakusikia ukicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu mazishi. Nani mwenye akili timamu angekuambia umwache? Nilikusudia kufunga barua hapa.

Lakini nimekaa na bahasha iliyo wazi tangu adhuhuri, na sasa ng'ombe ananililia. Mama, naomba urudi tarehe ishirini na saba. Sina hoja. Nimeitafuta, nawe unajua kwamba mimi huwa sikosi. Chai haikuhitaji, ng'ombe hakuhitaji, kanisa lina viongozi wa kutosha. Tume ya walimu bado haijaniita kazini, na kurudi kwako hakutaifanya iniite. Ni mimi tu. Hudhuria sherehe zote nilizokuandikia, hadi mwisho wa kila moja, kisha urudi.

Na kama utaona kwamba mtoto ana haki zaidi, tia sahihi. Sitakulaumu, wala sitabishana. Ila usiitie kwa kudhani kwamba mimi niko sawa. Nimekuwa nikikwambia hivyo kila Jumapili tangu Novemba, na si kweli.

Mwonyeshe Linda barua hii yote, pamoja na ukurasa huu. Akikasirika ana haki, na anipigie mimi.

Mama mdogo Nyanchera anakusalimu sana na anasema goti ulikande kwa maji ya chumvi. Mzee Nyakundi na Masabato wote wa Ikonge wanakusalimu. Nisalimie Linda na shemeji Machogu, na umbusu Bosire kwenye lile shavu lenye jino jipya. Mungu aliyekuvusha bahari akulinde katika nyumba hiyo, akupe usingizi, na akuongoze utakapoishika kalamu, upande wowote utakaochagua.

Ni mimi mwanao nikupendaye, na ninayekukosa,

Okemwa.