Samaki Waliotupwa Ijumaa

Kebirigo,
Jumapili, 16 Mei 1971

Kwa kaka yangu Obwocha,

Pokea salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muhoroni, na kwamba miwa haijakumaliza mgongo. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haukohoi. Kila siku anauliza utarudi lini. Shemeji Gesare amevuna wimbi, na wanao wanaenda shule.

Uliniuliza kama watu bado wanakusema. Wanakusema, kaka. Wanasema uliua samaki wa wenyewe kwa kijicho.

Wewe unajua jinsi mto ule ulivyokuwa na amani, na amani yenyewe ililetwa na Sabato yetu tu. Ninyi wenye nyavu mlianza Jumapili, mkazitoa majini Ijumaa kabla jua halijazama. Jumamosi tukiwa kanisani, mabwana wa ndoana walikuja na magari yao kutoka Kisii mjini, wakashinda ukingoni wakingojea samaki mmoja. Ninyi mliwacheka, wao waliwaita walafi, lakini hamkukutana. Hata walipomwaga vile vifaranga vya trauti, samaki wao wa Kizungu, mtoni, hakuna aliyegombana nao.

Halafu ikaja Ijumaa ile ya Machi 1969, wavu wako ukatoka na trauti zaidi ya thelathini, wote wamekufa. Wewe ulizoea ningu, unayemuuza sokoni, na kambare, unayemrudisha majini kwa kuwa hana magamba na kitabu cha Walawi kinamkataza. Huyu hukumjua. Ukaniita mimi, shemasi niliyesoma. Nilimpitishia kidole gumba, akateleza. Nikakwambia hana magamba, ni najisi, usimuuzie Msabato mwenzio. Ukamwaga wote ukingoni, tukaenda kujiandaa kwa Sabato.

Kesho yake Bwana Nyangate, katibu wa chama cha wale wa ndoana, alikuta rundo lile limejaa nzi. Alimwambia chifu kwamba mwenye njaa angewala na mchuuzi angewauza, basi aliyewatupa alitaka kuwakomoa wenye ndoana tu. Ulipojitetea kwa habari ya magamba walikucheka, wakasema trauti ana magamba na wewe ni mwongo. Chifu akachukua nyavu zako, akapiga wavu marufuku. Hukunitaja, kaka. Ukaondoka.

Mimi nikapewa kazi ya kutunza kibanda cha mabwana wale pale mtoni, kwa sababu Msabato hagusi bia. Ijumaa nawapelekea ufunguo, Jumapili naosha vyombo.

Sasa kaa chini. Agosti iliyopita walisahau trauti mmoja kwenye karai. Nilimparuza kwa kisu, kwa mazoea tu ya nyumbani, na magamba yakanijaa mkononi, madogo kama pumba za wimbi. Lo! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha nikamkaanga, nikamla. Ni mtamu. Nimekula wengine tangu siku hiyo, na kwa miezi tisa sikumwambia mtu, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri na wewe ulikuwa mbali.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Juzi Ijumaa nilimrudishia Bwana Nyangate ufunguo wake, nikamwambia aliyesema hana magamba ni mimi. Akaniuliza mbona nilikaa kimya. Alisema atamwomba chifu arudishe utaratibu wa zamani, mradi niseme mwenyewe mbele ya watu wote kwenye baraza la Alhamisi. Jana nilianzia kanisani. Mama alitoka bila kuniangalia, na Gesare hajanisalimu mpaka sasa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo tu nyumbani. Nyavu zako ziko ofisini kwa chifu. Mbili zimeliwa na panya, ya tatu ni nzima. Na trauti akiingia humo, mparuze kwanza kwa kisu. Usiniulize mimi.

Wasalimie wote unaokula nao huko. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Mogire