Sauti Yangu Kivukoni

Alhamisi, usiku

Hatimaye nimevuka ziwa hadi Kamanga. Tangu mume wangu azame ziwani sikuwa nimepanda kivuko. Hata mazishi ya dada yangu, aliyezikwa huko Kamanga, yalinipita.

Mshauri nasaha niliyemwendea kwa hofu hii, binti mdogo, hakunihubiria. Aliniuliza hofu inakaa wapi mwilini. Niliona ni upuuzi, lakini nilijibu: kooni.

Leo tulivuka pamoja. Koo lilipobana, akasema, "Bibi, imba ule wimbo wenu wa kulima ulionisimulia." Mimi, mwalimu mstaafu, mbele ya abiria. Nilianza kwa sauti ndogo. Kwetu anayeimba shambani haachwi peke yake: muuza dagaa mmoja akaitikia, kisha wengine. "Ongeza sauti, bibi, huku nyuma hatusikii," abiria mmoja akaita.

Kaburini kwa dada nililia kwa sauti. Koo halikunizuia.