Kisanduku cha Kwanza

Jumatatu, 4 Februari
Theluji imefunga nusu ya jiji la Buffalo. Nimepokea simu arobaini na moja za wateja wetu wa bima ya afya, arobaini nimeshazisahau. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamke anayenong'ona. Yuko kwenye bima ya mumewe. Kavunjika kifundo cha mkono, katibiwa, na sasa anaogopa ile karatasi ya maelezo ya matibabu, maana sisi huituma kwa mwenye bima. Kwa mume. Na yeye amehama, mume hajui alipo.

Sheria ya jimbo naijua kwa moyo: akisema yuko hatarini, tunabadilisha anwani ya barua zake. Ushahidi hatuombi.

"Hutaniuliza kitu?"

Nikasema hapana. Akasema: "Basi andika, dada."

Nikaandika anwani yake mpya. Na mimi nilitaka kumwuliza! Kila kitu.

Jumanne, 5 Februari
Lorna wa meza ya jirani ana miaka ishirini na mbili humu. Anasema zamani kulikuwa na kampuni zilizokataa kabisa kumwandikisha mwanamke wa namna hiyo. Kipigo kilihesabiwa kama ugonjwa aliokuja nao kwenye bima.

"Acha utani."

"Utani gani? Wewe ulikuwa bado unanyonya, mwanangu." Akaendelea na supu yake.

Nimewaza kutwa: nani alikuwa anajaza zile fomu za kukataa? Karani tu. Labda mwoga kama mimi. Labda mwenye mwandiko mzuri.

Jumatano, 6 Februari
Nimefanya jambo baya. Nimefungua faili la yule mwanamke wa Jumatatu bila simu, bila kazi yoyote. Ni marufuku—kila faili hubaki na jina la aliyelifungua, na mwaka jana mwenzetu wa meza ya kona alifukuzwa kwa kuchungulia la mkwewe.

Nilitaka kujua tu.

Kifundo cha mkono. Mwaka juzi, mbavu. Kabla ya hapo, taya. Mara zote tatu imeandikwa: aliteleza kwenye barafu.

Taya lilikuwa la Julai, katikati ya joto.

Alhamisi, 7 Februari
Nililala vibaya, nikiwaza watu wa ukaguzi. Mchana huu nimelifungua tena! Mkono ulikwenda wenyewe. Na kuna mstari mpya: "Barua ya kuthibitisha anwani—imechapishwa."

Inakwenda kwa mwenye bima. Kwa mume. Anwani mpya ya mkewe imo ndani.

Ni mimi. Niliandika anwani kwenye kisanduku cha kawaida cha kompyuta, kile kinachofunguka chenyewe. Cha anwani za siri kiko chini zaidi, lazima ukitafute. Kwenye mtihani wa mafunzo nilikipata. Nilipata mia kwa mia.

Nimempigia mwanamke namba aliyoniachia. Mara mbili. Hapokei, na aliniambia nisiache ujumbe.

Nimempigia Gus wa chumba cha barua. Barua zote za leo bado ziko kwenye toroli. Gari la posta linakuja saa tisa.

"Itoe moja tu, Gus, nakuomba."

"Ziko elfu tatu, bibie. Nizinuse? Niletee namba ya barua na sahihi ya Bi. Pruitt, nitakutafutia."

Namba ninayo. Sahihi ndiyo shida. Bi. Pruitt ndiye msimamizi wetu, na swali lake la kwanza litakuwa nilijuaje. Sina jibu ila la kweli.

Saa nane na nusu. Niko kwenye kiti nje ya mlango wake, naandika huku nikisubiri. Yuko na mgeni, wanacheka. Lorna amepita na kahawa.

"Mbona umepauka hivyo?"

Nimemwambia yote, hata la faili. Hakunigombeza. Ameangalia saa ya ukutani.

"Gonga."

"Ana kikao."

"Kikao gani? Wanazungumza mpira wa magongo. Gonga, mwanangu."

Ameondoka. Sijui mume yule hufungua barua zake lini, akiwa amesimama pale kwenye sanduku la barua au akishaingia ndani. Sijui kwa nini nataka kulijua hilo.

Saa nane na dakika arobaini. Nimegonga. Kicheko kimekatika. Kiti kinasogea. Naacha hapa, anakuja.