Samaki Aliyekwenda Mkutanoni

Nyumba ya mlango wa kijani,
Mkabala na mashine ya mbao.
Jumapili, mwezi wa tatu.

Mpendwa mjukuu wangu, mchumba uliyenikimbia,

Hujambo huko ghorofani? Lifti imepona, au bado unapanda ngazi ukihema kama bibi yako akisikia nimeingia jikoni? Mimi sijambo. Goti la kushoto limegoma, na la kulia linafikiria kumuunga mkono mwenzake. Bibi yako ni mzima kuliko sisi sote. Hivi sasa ananichungulia begani aone kama namsema. Namsema.

Nakuandikia kwa sababu simu yako ina kwikwi. Ukisema "babu" inakatika, ikirudi unasema "haya, kwaheri." Karatasi haikatiki. Uvumilie mwandiko tu. Shule yangu iliishia darasa la nne, na hata huko siku za mvua sikwenda.

Nina habari ya mto. Si mto wote, ni pale petu chini ya miti mirefu, penye jiwe bapa. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa pale na kutumbukiza miguu, atakayeitoa kwanza aoshe vyombo vya usiku? Maji yale yalikuwa yanauma mpaka kwenye meno. Ulinishinda kila mara, umenuna, midomo imepauka, na bibi yako akadhani naosha vyombo kwa sababu nampenda.

Sasa jirani yetu mwenye mashine ya mbao, yule tunayemwita Tumbo Mbele, ameiomba ofisi ya maji ruhusa ya kuikata miti ile yote. Anasema imezeeka, iko siku itaangukia watu. Nilimwambia hata mimi nimezeeka na hakuna aliyeniletea msumeno. Alicheka, lakini ombi hakuliondoa.

Taabu ni wale samaki wenye madoa. Wao maji yao ni ya baridi, mengine hawayawezi. Kivuli kikiondoka, jua litakuwa linayapiga maji kutwa, na maji yakipata joto samaki hukosa pumzi. Haya sikuyaota. Alitueleza nesi mstaafu wa nyumba ya kona, alipotukusanya mimi, kinyozi na wengine wachache tukawa chama cha kuutetea mto. Kazi yetu ni kubandika matangazo, kugonga milango ya watu wakiwa wanakula, na kumaliza chai ya nesi. Mimi ndiye msemaji. Usicheke.

Wiki iliyopita ofisi ya maji ilituita tukatoe pingamizi letu. Nikawaza, watu hawa wanasikia habari za samaki kila siku na hawajawahi kutazamana naye usoni. Basi asubuhi nikamnasa mmoja kwa kikapu, nikamtia kwenye ndoo ya bibi yako ya kufulia, bila kumwomba ruhusa. Namsema bibi yako, ingawa na samaki naye sikumwomba. Mpango wangu ulikuwa nimwonyeshe mwanzoni tu, kisha kinyozi amrudishe mtoni kwa baiskeli. Nesi sikumwambia, angenikataza.

Mchumba, nilisahau jinsi mikutano yetu inavyofunguliwa. Kwanza dua. Kisha utambulisho, kila mtu na cheo chake na cheo alichokuwa nacho zamani, kana kwamba tumekuja kuposa. Kisha shukrani kwa waliofika, na pole kwa wasiofika. Chumba ni cha bati, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za wachomeleaji wa jirani. Mimi nimekaa na ndoo katikati ya miguu, nimeifunika kwa koti, nangoja kuitwa.

Nilipoitwa nikasimama, nikafunua koti kwa madaha. Samaki alikuwa amelala ubavu.

Mtetezi wa samaki ameua samaki mbele ya ofisi ya maji. Nesi alinitazama jicho lile la sindano. Akainama, akaona mashavu bado yanafunguka kidogo, akasema, "Hajafa. Maji yamepata joto, hana hewa. Nani ana barafu?"

Unajua nani alikuwa na barafu? Tumbo Mbele. Alikuwa ameleta sanduku la soda zilizotiwa barafu kwenye gari lake, za kushangilia akishapewa ruhusa. Alitoka mbio na lile tumbo, sijapata kumwona akikimbia, akarudi na barafu kifuani, shati limelowa. Akapiga magoti, akawa anaitia kidogo kidogo kama nesi alivyomwelekeza, na mkono mwingine anayavuruga maji. Kinyozi anapepea kwa gazeti. Hata yule bibi afisa wa maji, mwenyekiti wa mkutano, aliiacha meza yake, akachuchumaa na sisi. Tukawa tumeizunguka ndoo kama watu wanaochungulia mtoto mchanga.

Baada ya muda samaki akajigeuza, akasimama sawasawa ndani ya maji. Tumbo Mbele akacheka, akajipangusa uso.

Ndipo bibi afisa akamwuliza, kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, na mto mzima utautilia barafu wewe?"

Tumbo Mbele alikuwa bado ana mkono ndani ya ndoo.

Samaki alirudishwa kwa gari la Tumbo Mbele, mimi nimempakata. Njiani, kila penye matuta, alikuwa akipunguza mwendo. Nesi hajanisamehe, na bibi yako anasema kuna kitu kinanuka samaki. Mimi au ndoo, hakufafanua.

Usidhani yamekwisha. Ombi halijaondolewa. Bibi afisa amesema miti isiguswe kwanza mpaka wasikie maoni ya watu wote, hata wazaliwa wa hapa walioko mbali. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Waandikie. Mambo ya pumzi na joto mwachie nesi, wewe waambie habari ya lile jiwe. Waambie kuna mtu anayekusudia kurudi kukaa pale.

Maana mimi huenda kila jioni, goti likiruhusu. Nakaa upande wangu, nakuachia wako. Juzi nilimbembeleza bibi yako akae badala yako. Akatumbukiza kidole kimoja, akasema yeye ana akili zake, akaenda zake. Nikabaki nimetumbukiza miguu peke yangu, na maji bado yanauma vilevile, mpaka kwenye meno. Siku hizi nashinda kila jioni. Kisha narudi nyumbani naosha vyombo hivyo hivyo.

Anakusalimu bibi yako, mke mwenzio, anasema ule ushibe. Anakusalimu shangazi yako mshonaji, na kinyozi, na nesi ambaye kwangu amenuna lakini kwako hana neno. Nisalimie mwenzako wa chumba, yule anayekoroma.

Mungu akulinde ngazini, akupe usingizi, na siku moja akupe likizo ndefu. Njoo maji yakiwa bado ya baridi, unishinde.

Wako akupendaye, mwenye miguu iliyolowa,
Babu